Maulidi ya Lamu: Anayelala Shela ahesabu mwezi na maji

KILA mwaka, Mfungo Sita unapokaribia kwisha, mashua zinazovuka kutoka Mokowe kwenda kisiwani Lamu hujaa kupita kawaida. Wamo wanafunzi wa madrasa kutoka Mombasa na Malindi, wazee kutoka Tanzania na Ngazija, jamaa waliohamia bara wanaorejea kuona ndugu, na watalii wenye kamera shingoni. Wote wanaelekea katika Maulidi ya Lamu, mkusanyiko mkubwa kuliko mwingine wowote katika visiwa hivyo.

Wageni wengi wenye uwezo hupenda kulala Shela, kijiji kilicho umbali wa kilomita tatu hivi kusini mashariki mwa mji wa Lamu. Sababu zao zinaeleweka. Shela ina ufuo wa mchanga unaoenea kwa kilomita kadhaa, nyumba za mawe zilizogeuzwa kuwa za wageni, na utulivu ambao mji wenyewe hauna wiki hiyo. Lakini Maulidi hayafanyiki Shela. Kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha, mtaa wa Langoni, na saa zake kuu ni za usiku. Kati ya kitanda cha mgeni na shughuli aliyoijia kuna maji, giza na mchanga, na asiyejipanga huishia kusikia sifa za usiku ule kutoka kwa wenziwe asubuhi.

La kwanza ni tarehe. Kalenda ya ukutani haisaidii sana, kwani Maulidi hufuata mwezi mwandamo. Mfungo Sita ndio Rabiul Awwal kwa hesabu ya Waswahili, ambao huhesabu mifungo kuanzia Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo sherehe hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kawaida unapopita. Mwaka 2015 siku ya kuzaliwa kwa Mtume Muhammad iliangukia mara mbili, Januari na tena Desemba. Miaka hii imefika Agosti na Septemba. Katikati ya miaka ya 2030 itaingia Mei na Juni, wakati wa masika, ambapo baadhi ya nyumba za wageni za Shela hufungwa kabisa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tarehe 12 ya Mfungo Sita, ambayo Waislamu wengi duniani huiadhimisha, siyo kilele cha Lamu. Katika mwezi huo maulidi husomwa kwa zamu katika misikiti mbalimbali, na ya Riyadha huja mwishoni, Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Aliyekata tiketi ya ndege kwa kufuata tarehe 12 atafika wiki mbili mapema. Na akiambiwa na wenyeji kuwa shughuli ni "usiku wa Ijumaa", asidhani ni Ijumaa baada ya jua kutua. Kwa Waswahili siku huanza magharibi, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi usiku.

Kwa mfano, hesabu ya mwaka 2026 inaiweka Alhamisi hiyo Septemba 10. Hata hivyo hesabu ni hesabu tu. Mwezi huthibitishwa kwa kuonekana, na waandaaji ndio wenye kauli ya mwisho. Mtu wa busara hupiga simu Lamu mwezi unapoandama, kisha hukata tiketi inayoweza kubadilishwa.

Yafaa pia kufahamu kuwa Maulidi siyo Tamasha la Utamaduni la Lamu, ingawa matangazo ya safari huyachanganya. Tamasha hilo lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ambapo UNESCO iliutangaza mji mkongwe wa Lamu kuwa Urithi wa Dunia, mwaka 2001. Hilo kwa kawaida hufanyika Novemba kwa kalenda ya kawaida, nalo liliandaliwa tangu mwanzo ili kutazamwa: mashua, punda, bao, hina, harusi ya kuigiza. Maulidi nayo yana mashindano ya punda, ya mashua, ya kuogelea, ya bao na ya hati za Kiarabu, yanayofanyika katika siku za kabla ya Alhamisi. Mbio za punda katika barabara ya ufuoni hukusanya umati mkubwa, na kwa kweli zinachekesha, kwa sababu punda wa Lamu hana desturi ya kutii amri pale anapotazamwa. Lakini mashindano ni pambo. Mwenye siku moja tu ya kuchagua aache punda, achague Alhamisi usiku.

Usiku huo una historia. Msikiti wa Riyadha ni kazi ya Habib Swaleh bin Alawi Jamalilleil, sharifu aliyetoka Ngazija na kuhamia Lamu katika karne ya 19, akafariki mwaka 1935. Mji wa wakati huo uligawanyika kwa nasaba, na elimu ya dini ilikuwa mali ya wachache. Habib Swaleh aliwafungulia darasa watu waliotengwa, wakiwemo watumwa na watoto wao pamoja na wageni maskini waliokaa pembezoni mwa mji. Aliingiza pia usomaji wa maulidi yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, ambayo husomwa kwa pamoja, kwa sauti ya juu na kwa matwari. Waungwana walinung'unika kwamba ngoma imeletwa msikitini. Mabishano hayo hayajafa: wapo Waislamu wa pwani hadi leo wanaoyahesabu Maulidi kuwa uzushi, nao hawahudhurii. Mgeni asijitie katika ubishi huo, ila ajue kwamba anachokiona kilipiganiwa.

Nje ya msikiti kuna uwanja ambamo hupigwa goma, wanaume wakiwa wamejipanga safu, mikongojo mkononi, wakienda kwa mwendo wa taratibu. Kuna pia kirumbizi, mchezo wa wawili wawili wenye fimbo, unaoonekana kama ugomvi kwa asiyeujua. Ndani ya msikiti ibada huendelea hadi usiku mwingi. Ijumaa huwa na ziara ya kaburi la Habib Swaleh na zefe inayopita mjini kwa matwari na kaswida.

Hakuna tiketi, lango wala kiti kilichowekwa nambari. Gharama za kuwalisha na kuwalaza mamia ya wageni wa msikiti hubebwa kwa sadaka na kwa nyumba za wenyeji. Kwa hiyo mgeni anayelipa pesa nyingi kwa chumba cha Shela huku akishuhudia bure shughuli iliyoandaliwa kwa michango ya watu wa kawaida anaweza kuulizia namna ya kutoa mchango wake msikitini. Si sharti, lakini ni uungwana.

Asiye Mwislamu hakatazwi kusimama nje na kutazama. Kuingia ndani kunahitaji ruhusa ya wenyewe, na kupiga picha kunahitaji ruhusa nyingine. Wanawake wana sehemu yao, nako ndiko mgeni wa kike anakopaswa kuelekea, akiwa amejisitiri mabega, miguu na kichwa. Mavazi ya ufuoni yabaki ufuoni. Vileo vinapatikana katika baadhi ya hoteli za Shela, lakini kwenda Langoni usiku huo mtu akinuka pombe ni kuwatukana wenyeji machoni pao.

Sasa suala la maji. Kutoka Shela hadi mjini kuna njia mbili za kawaida: mashua ya injini, mwendo wa dakika kumi hivi, au miguu kufuata ufuo kwa takribani dakika arobaini. Anayetembea ana nafuu moja, kwamba Langoni ni upande wa mji ulio karibu na Shela. Tatizo ni kuwa maji yakijaa sana, sehemu za njia ya ufuoni hufunikwa. Njia ya nyuma ipo, ila ina mchanga mzito na giza, na asiyeijua asiijaribu usiku peke yake.

Kwa vile Alhamisi ya mwisho yaweza kuwa tarehe yoyote kati ya 23 na 30 ya mwezi mwandamo, hali ya bahari haifanani kila mwaka. Katika pwani ya Kenya, mwezi unapokaribia kuandama huwa ni bamvua: maji hujaa mnamo saa kumi alasiri na kupwa mnamo saa nne usiku. Wiki moja kabla ya hapo mambo hugeuka, maji hujaa mnamo saa nne usiku, ingawa hayo ni maji mafu yasiyopanda juu sana. Kwa Septemba 10, 2026, mwezi utakuwa umebakiza siku mbili hivi. Anayetaka kutembea atayakuta maji juu alasiri, lakini usiku ufuo utakuwa mpana na mkavu kwa marejeo. Mwaka ambao Alhamisi imeangukia tarehe 23 au 24, afadhali kuagiza mashua.

Mwangaza nao una hesabu yake. Mwishoni mwa mwezi mwandamo, mwezi huchomoza baada ya usiku wa manane au karibu na alfajiri. Mgeni aliyezoea picha za Shela inayong'aa kwa mbalamwezi atakutana na giza totoro. Tochi ni lazima.

Mashua ya kurudi ipatanwe mchana, siyo saa saba za usiku. Manahodha wengi ni Waislamu na baadhi yao nao wanakwenda kuhudhuria. Inafaa kukubaliana mapema na nahodha mmoja juu ya bei ya kwenda na kurudi, mahali pa kukutana na saa, na kumlipa sehemu ya mwisho baada ya kushushwa Shela. Miezi ya Agosti na Septemba kusi bado inavuma, na mkondo ulio kati ya Shela na kisiwa cha Manda huwa na mawimbi, hasa alasiri. Kila abiria aulizie jaketi la kuokolea maisha kabla ya kupanda.

Kufika Lamu kwenyewe kuna njia ya anga na ya nchi kavu. Ndege kutoka Nairobi na maeneo mengine ya pwani hutua kiwanja cha Manda, ambako mashua huvusha abiria moja kwa moja hadi Shela. Mabasi kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka hapo ni bahari. Barabara ya Garsen hadi Lamu iliwekwa lami ikiwa sehemu ya mradi wa LAPSSET, na safari imekuwa fupi kuliko zamani.

Usalama haufai kufichwa. Oktoba 2011 mwanamke raia wa Ufaransa alitekwa nyara nyumbani kwake Manda, ng'ambo ya Shela, akafia mikononi mwa watekaji. Juni 2014 wanamgambo waliwaua watu wapatao 60 Mpeketoni na vijiji jirani, na mwezi uliofuata serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti nzima. Mabasi ya njia hiyo yamewahi kushambuliwa na kwa vipindi virefu yamesafiri yakisindikizwa na polisi. Visiwa vya Lamu na Manda vimekuwa na utulivu kuliko barabara hiyo, lakini msafiri wa basi aulize hali kabla ya kuondoka na asafiri mchana. Wanaotoka ng'ambo wasome masharti ya bima yao, kwa kuwa baadhi ya bima hutegemea tahadhari za serikali zao.

Chumba cha Shela huagizwa miezi kadhaa mbele, na fedha taslimu zichukuliwe mjini Lamu zilipo benki. Aliyefika siku moja au mbili mapema hatakosa la kufanya. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara mnene uliochongoka, ni wa mwaka 1829. Vilima vya mchanga nyuma ya kijiji ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayonywewa mjini, ndiyo maana ujenzi juu yake umekuwa ukizua malalamiko. Ng'ambo, kisiwani Manda, yapo magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17 na ambao wakazi wake wanasemekana kuhamia Shela. Hadi nyakati zetu Washela wamekuwa wakivuka kulizuru kaburi la mnara lililoko huko na kuomba mvua. Ziara ya Takwa kwa mashua hutegemea maji kujaa, kwa kuwa mkono wa bahari unaoingia huko hukauka yakipwa.

Marejeo yapangwe Jumamosi au baadaye. Ijumaa jioni, zefe ikiisha, umati wote huondoka kwa pamoja, na mashua za Mokowe, mabasi na viti vya ndege hugombaniwa. Anayelala Shela usiku mmoja zaidi hulipa chumba, lakini huvuka asubuhi akiwa ameketi.