Mjomba, Ndege Zinapigwa Picha

Nikiwa mdogo hapa Ukunda, nilikuwa nasimama nje ya seng'enge ya uwanja wa ndege na simu ya mamangu, nikivizia ndege itue. Siku moja mjomba akanikemea: "We! Ndege hazipigwi picha. Wataka kutuletea balaa?" Nikaona ni ushamba tu.

Baadaye ndo nikasoma. Jeshi la Anga la Kenya lilianzishwa Juni 1, 1964. Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wake wakajaribu kupindua serikali. Jaribio likazimwa, jeshi likavunjwa, likabaki likiitwa 82 Air Force hadi 1994. Kwa rika la mjomba, ndege ya kivita haikuwa burudani bana. Ilikuwa sababu ya kufunga mlango.

Miaka 40 baadaye, 2022, jeshi hilohilo likaalika raia Uhuru Gardens, Nairobi, kwa maonyesho ya ndege. Simu zote juu!

Sisemi mkapige picha kambini. Huko sheria ni sheria. Nasema uoga nao hurithiwa, na huo tuuache. Maonyesho yakija Diani, mjomba nitampeleka mwenyewe, na simu nampa yeye apige.