Mama Mwenye Amri: Kutoka Molière hadi Filamu ya 2007

Mnamo mwaka 1672 Molière, mtunzi Mfaransa ambaye baadhi ya michezo yake imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, alionyesha mjini Paris mchezo wa kuchekesha uitwao Les Femmes savantes, yaani "Wanawake Wasomi". Ndani yake yumo mama, Philaminte, aliyelewa elimu hata akamfukuza mtumishi wake kwa kosa la kuvunja kanuni za sarufi. (Walimu wa lugha na wacheke kwa tahadhari.) Mama huyu ana binti wawili, naye amekata shauri kwamba mdogo, Henriette, ataolewa na Trissotin, mtunga mashairi mwenye majivuno. Binti anampenda mwingine. Baba yupo, lakini ujasiri wake humwisha kila mkewe anapoingia. Watazamaji wanacheka, na huku wana hofu, kwa kuwa amri ya Philaminte ni amri kweli: mwandishi wa mkataba wa ndoa amekwisha kuitwa. Henriette anaokoka pale tu ami yake aletapo barua za uongo kwamba mali ya nyumba imepotea. Trissotin, ambaye macho yake yalikuwa kwenye mali hiyo, anajitoa papo hapo.

Mwaka 1813, huko Uingereza, Jane Austen alitoa riwaya yake Pride and Prejudice. Bibi Bennet ana binti watano na busara haba. Anampeleka mkubwa wao kwa majirani matajiri juu ya farasi, mawingu yametanda, ili mvua imzuie huko usiku kucha. Ni kichekesho, lakini tusifanye haraka kumdharau. Nyumba yao imefungwa kwa masharti ya urithi: baba akifa, itakwenda kwa jamaa wa kiume, nao wanawake wataishi kwa mapato madogo sana. Kwa hiyo Elizabeth anapomkataa mrithi huyo huyo, mama anapiga makelele kama mtu aonaye paa likiondolewa juu ya vichwa vya wanawe. Hana tena uwezo wa kuamrisha. Amebakiwa na ulimi tu.

Sasa tuitazame filamu ya Kimarekani Because I Said So, iliyotolewa mwaka 2007. Mama, Daphne, ameigizwa na Diane Keaton, msanii aliyepata tuzo ya Oscar kwa filamu Annie Hall ya mwaka 1977. Ana binti watatu, na hofu yake ni juu ya kitinda mimba, Milly, ambaye hajaolewa. Basi anaweka tangazo kwenye intaneti, anawasaili wanaume mmoja mmoja, na kumchagua msanifu wa majengo. Mpiga gitaa aliyeshuhudia usaili ule naye anamtafuta Milly.

Mwanzo huo ungeweza kuzaa mchezo mzuri. Lakini Milly ni mtu mzima, mpishi wa karamu mwenye kipato chake, katika nchi ambayo tangu sheria ya mwaka 1974 benki haziruhusiwi kumnyima mtu mkopo kwa sababu ni mwanamke. Asipoolewa, hatapoteza paa. Amri ya mama haina nguvu, na hofu yake haina sababu ya nje. Watungaji waliliziba pengo hilo kwa keki zinazoanguka na simu zinazopigwa ovyo, na Keaton akalazimika kupaza sauti pale ambapo maneno hayakuwa na uzito.

Hata hivyo, hofu ya kweli ilikuwamo, nayo ilikuwa ya mama mwenyewe. Daphne anakaribia miaka 60, amewalea wanawe peke yake, na siku kitinda mimba atakapoondoka, nyumba itakuwa kimya. Philaminte na Bibi Bennet hawakuijua hofu ya namna hiyo. Waume zao walikuwa mezani. Hapa palikuwa na jambo jipya la kusema juu ya mama wa karne hii, na lilistahili filamu nzima. Filamu inaligusa kwa dakika chache, inamtafutia Daphne baba wa yule mpiga gitaa, na kuwafungisha ndoa.