Ubani na Waliouvuna

Kwetu Burundi, wengi tunaujua ubani kwa harufu yake kanisani siku za sikukuu. Wachache wanajua kwamba unatoka kwenye mti mdogo, mara nyingi wenye umbo la kichaka na maua madogo meupe, unaoota katika nchi kame za pwani: Somalia ya kaskazini, Yemeni na Dhofar huko Omani. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba historia ya mti huu si ya wafalme na mahekalu tu, bali pia ya wavunaji.

Kuvuna ubani ni kazi ya subira. Mvunaji hubandua kipande cha gome, utomvu mweupe hutoka, naye huuacha ukauke kwa siku kadhaa kabla ya kurudi kuukwangua.

Mahitaji yake ni ya kale. Katika karne ya 15 kabla ya Kristo, Malkia Hatshepsut wa Misri alituma merikebu nchi ya Punt. Michoro ya hekalu lake la Deir el-Bahri inaonyesha miti ya uvumba ikibebwa pamoja na mizizi yake. Wanazuoni wanabishana kama ilikuwa ya ubani au ya manemane. Hata hivyo, ni wazi kwamba Misri haikutosheka na kununua utomvu. Ilitaka mti wenyewe.

Karne ya 1, mfanyabiashara aliyeandika kwa Kigiriki alieleza safari za Bahari ya Eritrea. Alitaja masoko ya ubani ya Pembe ya Afrika, akaendelea hadi Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu ya mashariki. Lakini alitaja pia jambo tunalolipita haraka darasani: katika pwani ya Arabuni, ubani ulivunwa na watumwa wa mfalme na watu waliopelekwa huko kama adhabu, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa.

Mwaka 2000, UNESCO iliingiza Nchi ya Ubani ya Omani katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni haki kabisa. Lakini tunapofundisha biashara ya Bahari ya Hindi, mara nyingi tunaanzia bandarini, mahali bidhaa ilipopata bei. Naona tuanzie kwenye mti, kwa sababu huko ndiko gharama yake ilikolipwa.