Koo la Aliyepandikizwa Figo: Kutoka Boston hadi Mbulu

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, daktari Joseph Murray alimpandikizia mgonjwa figo iliyotolewa kwa pacha wake. Kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana, mwili wa mpokeaji haukuiona figo hiyo kuwa ngeni. Mwaka uliofuata wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei walifungua hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu. Kati ya Boston na Haydom hapakuwa na uhusiano wowote wakati ule.

Miaka ya 1960 ilileta mgonjwa asiye na pacha. Ili figo ya mtu mwingine isikataliwe, madaktari walitumia azathioprini na predinisoloni kushusha kinga ya mwili. Figo ilipona, lakini mlango ukaachwa wazi, na koo ndilo mlango wenyewe. Fangasi wa kinywani, ambao kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuleta ugonjwa, waliteremka hadi kwenye umio. Vidonda vya herpesi vilimfanya mgonjwa ashindwe kumeza hata mate.

Elimu nyingine ya zama hizo ilitoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto wa Uganda. Kutokana na sampuli za uvimbe huo, mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waligundua virusi vinavyoitwa Epstein-Barr. Virusi hivi hukaa kimya mwilini mwa watu wengi, navyo huenezwa kwa mate. Kinga ikishushwa huweza kuamka na kuvimbisha mafindofindo ya aliyepandikizwa figo, na uvimbe huo ukageuka saratani. Nasema wazi: bila watoto wale wa Uganda, madaktari wa Ulaya na Marekani wangechelewa kuutambua ugonjwa huu.

Kisha zikaja zama za dawa za udongoni. Saiklosporini ilitokana na fangasi wa udongo uliochukuliwa nyanda za juu za Hardangervidda, Norwei, mwaka 1969. Marekani iliiidhinisha mwaka 1983. Takrolimasi ilipatikana mwaka 1984 katika udongo wa Tsukuba, Japani. Figo zilidumu kuliko awali.

Tanzania iliwapeleka wagonjwa wake India kwa muda mrefu, hadi Muhimbili ilipopandikiza figo ya kwanza nchini Novemba 2017, ikisaidiwa na wataalamu wa India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata Machi 2018 pamoja na Wajapani. Tangu hapo mtu wa Nambis, huko Mbulu, anaweza kutibiwa nchini kwake, kisha akarudi kwa ng'ombe wake na maziwa yake.

Hapo ndipo mambo ya kale yanapokutana na mapya. Utafiti uliofanywa katika uliokuwa mkoa wa Arusha, Mbulu ikiwamo kabla Manyara haijaundwa mwaka 2002, ulikuta kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho huweza kupitia maziwa mabichi, kwenye matezi ya shingo za binadamu. Kwa aliyepandikizwa, kifua kikuu chaweza kushika hata zoloto: sauti inakwaruza wiki kwa wiki, na wengi hudhani ni mafua. Tiba nayo ina mtego wake. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha takrolimasi katika damu, figo ikakataliwa. Erithromaisini na klarithromaisini, zinazotolewa kwa koo la kawaida, huipandisha hadi kuitia figo sumu. Flukonazoli, dawa ya fangasi, hufanya vivyo hivyo. Daiklofenaki, dawa ya maumivu, huiumiza figo moja kwa moja.

Bado pia kuna wanaokata kimeo kwa kila kikohozi. Kwa mtu aliyeshushwa kinga, jeraha hilo ni hatari kubwa. Koo lake likiwasha, aende hospitali na dawa zake zote mkononi, apimwe makohozi, achukuliwe kinyama cha kuchunguza ikibidi, na kliniki ya figo ipigiwe simu kabla ya kidonge cha kwanza.