Mabinti wa Buyenzi na Pahala pa Kukaa

Wazazi wengi wa Bujumbura wana wasiwasi na mabinti wanaokaa mikahawani na wenzao baada ya masomo. Wanasema zamani hayakuwepo haya. Basi tuitazame hiyo zamani.

Mji ulipoitwa Usumbura, Waislamu wenye kusema Kiswahili walikaa Buyenzi, jirani na mtaa wa Belge, ambao leo ni Bwiza. Wanaume walikuwa na baraza na kahawa yao. Wanawake walikutana uani na arusini, na hakuna aliyehesabu saa zao.

Mwaka 1946 Wabelgiji walianza Foyer Social, nyumba ya mafunzo ya wanawake. Walimu wa Kizungu walifundisha kushona, kupika, kupiga pasi na kulea watoto, kisha wakawafuata wanafunzi hata majumbani kuona kama wameshika. Kusudi lilikuwa kupata mke wa nyumba kwa mfano wa Ulaya. Sisi hatuamini kuwa cherehani peke yake ndiyo iliyowavuta wanafunzi. Kutoka nyumbani kwa ruhusa ukakaa na wenzio ni raha pia.

Lakini serikali hiyo hiyo ilimwonea shaka mwanamke asiye na mume ubavuni. Alitozwa kodi yake mbali, na jina alilopewa ni "mwanamke huru". Msidhani ni sifa! Kwa Wabelgiji neno hilo lilinuka umalaya, na mjane mcha Mungu aliingizwa humo pamoja na mtalaka. Kisha ikaja amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ya kupinga mitala. Tangu mwaka 1951 aliyeolewa mke wa pili, kwa mahari na mashahidi, machoni mwa ofisi hakuwa mke wa mtu.

Wanawake wa Buyenzi hawakunyamaza. Katika miaka hiyo ya 1950 waliipinga kodi hadharani, na kilichowachoma zaidi ya fedha ni lile jina. Mabibi hawa walijua heshima yao, wakakataa kuandikiwa nyingine na karani. Nasi leo tukimwona binti na kikombe cha kahawa, mara ngapi tunamwandikia jina kabla ya kumuuliza anakaa na nani?

Msomaji ambaye bibi yake alihifadhi stakabadhi ya kodi ile, au picha ya darasa la ushonaji, tunaomba atuonyeshe.