Theluji ya Wellington na hukumu ya 1914

Saa saba na ushei, usiku wa kuamkia Machi 1, 1910, bamba kubwa la theluji lilikatika kwenye mteremko wa Windy Mountain, katika milima ya Cascade, jimbo la Washington, Marekani. Lilizizoa treni mbili zilizokwama katika stesheni ndogo ya Wellington na kuzitupa kwenye korongo la mto Tye. Watu 96 walikufa, wengi wao wafanyakazi wa reli, na 23 wakatolewa hai. Hakuna poromoko la theluji lililoua watu wengi zaidi katika historia ya nchi hiyo. Familia ya abiria mmoja iliishtaki kampuni ya Great Northern na kushinda mbele ya jopo la raia, lakini mwaka 1914 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaufuta ushindi huo: ilikuwa kudra ya Mungu, kampuni haikuwa na la kujibu. Hukumu hiyo ilikosea, nami nasema hivyo bila kuidharau theluji yenyewe.

Theluji ilikuwa nyingi kupita kiasi, hilo halina ubishi. Ilimwagika siku tisa, na siku iliyokuwa mbaya kuliko zote ilirundika zaidi ya mita tatu. Ila wingi pekee haukuangusha mlima. Usiku ule baridi ilivunjika, upepo wa joto ukavuma na mvua ikanyesha juu ya theluji. Maji ya mvua huongeza uzito juu, kisha hupenya na kuyeyusha vifundo vinavyoshikanisha chembe za theluji, mpaka tabaka la chini linashindwa kulibeba la juu. Ndiyo hatari ya majira ya kuchipua hadi leo. Wanaopanda milima hiyo kwa ski mwezi Aprili huondoka alfajiri, gamba lililoganda usiku likiwa bado gumu, na kushuka kabla jua halijalilainisha; usiku usipoganda, mwenye busara habanduki nyumbani. Tena mteremko wa juu ya stesheni ulikuwa mtupu. Moto ulikuwa umeiteketeza miti yake, na lawama zikaelekezwa kwenye cheche za vichwa vya treni vya kampuni hiyohiyo. Kama ni hivyo, kudra ilikuwa na msaidizi.

Watetezi wa kampuni husema elimu ya theluji haikuwepo wakati huo. Haikuwa imekomaa, kweli, lakini wanakijiji wa Andermatt, Uswisi, walipiga marufuku kukata miti ya msitu uliowakinga tangu mwaka 1397, na mkuu wa misitu wa nchi hiyo, Johann Coaz, alichapisha kitabu kizima juu ya maporomoko mwaka 1881. Wakanada nao, katika njia ya Rogers Pass, walikuwa wameifunika reli yao kwa mapaa ya mbao tangu miaka ya 1880. Mtu atauliza mapaa hayo yalisaidia nini, ikiwa siku tatu tu baada ya Wellington watu 58 walifunikwa hukohuko. Hao walikuwa nje ya mapaa, wakiisafisha reli iliyozibwa na poromoko la kwanza, ndipo la pili likashuka kutoka ng'ambo ya bonde.

Hoja nzito zaidi inahusu handaki. Baadhi ya abiria wa Wellington waliomba treni zirudishwe ndani ya handaki lililokuwa jirani. Msimamizi, James O'Neill, alikataa kwa kuhofia baridi, moshi, na mlango wake kuzibwa. Hofu hizo zilikuwa za kweli, na mtu huyo alishinda kwenye theluji pamoja na vibarua wake akijaribu kufungua njia. Simlaumu kwa uamuzi wa usiku mmoja. Ninachokikataa ni kuupima mkasa kwa usiku huo tu, na kuyaacha maamuzi ya miaka iliyotangulia: kuweka stesheni chini ya mteremko mkali, na kuiacha reli bila paa mahali pale. Kampuni yenyewe haikuyaacha. Ilijenga mapaa ya zege juu ya reli, ikalibadili jina la stesheni kuwa Tye, na mwaka 1929 ikafungua handaki jipya la kilomita 12.5 lililopita chini zaidi, likaiacha njia ya zamani juu mlimani bila treni.