Simu yako na usalama wako: mwongozo kwa wakimbizi na wenyeji wa Sonatubes

Jioni katika njia panda ya Sonatubes, wilayani Kicukiro, karibu kila mtu ana simu mkononi. Mmoja anamlipa dereva wa moto kwa MoMo, mwingine anaongea na mama yake aliyebaki Bukavu, wa tatu anasubiri ujumbe wa miadi yake na shirika. Simu hiyo imebeba pesa, picha ya kadi ya mkimbizi, namba za ndugu na maneno ambayo hukutaka mwingine ayasikie. Mtu akiingia humo kwa hila, madhara yanaweza kuwafikia hata ndugu walio mbali.

Mwongozo huu unaeleza mambo unayoweza kufanya leo, bila gharama.

Laini iwe kwa jina lako

Wengi wanapofika Kigali huanza na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha rafiki, jirani au mwenye nyumba. Ni msaada mzuri, lakini una hatari. Kwa kampuni ya simu, mwenye laini ni yule ambaye jina lake limeandikwa. Siku mkikosana, anaweza kuomba laini ipya ya namba ileile, na pesa zako za MoMo pamoja na WhatsApp yako zikaishia mikononi mwake. Na simu ikiibwa, wewe huwezi kuirudisha namba hiyo bila yeye.

Mwenye hatari pia ni aliyekusaidia: laini ikitumika katika utapeli, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Ukipata kadi ya mkimbizi, sajili laini kwa jina lako na uhamishe pesa zako huko. Kisha piga *125# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye duka la huduma la kampuni hiyo uombe ifungwe.

Ukibadilisha namba, toa taarifa haraka kwa UNHCR na kwa mashirika yanayokuhudumia. Miadi mingi hutangazwa kwa simu. Ujumbe wako usifike kwa mtu mwingine.

Namba za siri hazitajwi kwa mtu

Namba ya siri ya MoMo ni yako peke yako. Wakala haihitaji ili kukuwekea au kukutolea pesa. Ukishindwa kusoma menyu, omba ndugu unayemwamini akuelekeze, lakini namba ya siri ibonyeze mwenyewe.

WhatsApp nayo ina mlango wake: tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe mfupi unapofungua akaunti. Tapeli huandika: "Ndugu, nimekosea, namba yangu imetumwa kwako, nisaidie." Mara nyingi ujumbe huo unatoka kwenye akaunti ya mtu unayemjua ambaye yeye mwenyewe ameshaibiwa. Ukimpa tarakimu hizo, anaichukua akaunti yako, kisha anaanza kuwaomba pesa watu wako kwa jina lako.

Jikinge hivi:

- Fungua Mipangilio ya WhatsApp, ingia kwenye Akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Utachagua namba ya siri ya tarakimu sita ambayo mwizi hataijua.
- Angalia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoitambua, iondoe.
- Weka namba ya siri kwenye skrini ya simu. Usitumie 1234 wala mwaka wako wa kuzaliwa.

"Nimekutumia pesa kimakosa"

Unapata ujumbe kwamba pesa zimeingia, kisha mtu anapiga simu akilia umrudishie. Usitume kitu. Piga *182# uangalie salio lako mwenyewe. Ikiwa pesa hazipo, ujumbe ulikuwa wa uongo. Ikiwa zipo, mwelekeze kwa kampuni ya simu irekebishe kosa.

Utapeli unaoumiza zaidi ni wa safari. Mtu anajitambulisha kuwa mfanyakazi wa shirika, anasema jina lako liko kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu, na anataka pesa ya "faili". Huduma zote za UNHCR na za washirika wake ni bure, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu. Hakuna ada ya fomu, ya mahojiano wala ya kuharakisha. Anayeomba pesa, kwa simu au ana kwa ana, ni tapeli, hata kama anajua jina lako na namba ya kesi yako.

Huenda namba hiyo aliiona kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu kuna watu wanaopiga picha barua zao na kuzituma humo wakiuliza maana yake. Barua ya shirika ipeleke ofisini ukaeleweshwe. Usiitume kwenye kundi.

Picha inasema mengi

Chukua mfano wa mama aliyemkimbia mtu aliyetishia kumuua. Anapiga picha ya watoto wake wakienda shule, anaiweka Facebook. Sare inaonyesha shule, kibao cha nyuma kinaonyesha mtaa, saa ya picha inaonyesha wanapopita. Hakuandika anwani yoyote, lakini ameshaitoa.

Kabla ya kutuma picha, tazama kilicho nyuma yako. Zima huduma ya kuonyesha mahali ulipo kwenye kamera na kwenye Facebook. Picha ya mtoto wa jirani au ya mgeni aliyefika jana usiitume bila ridhaa. Ninyi wenyeji pia, hili linawahusu: picha yako inaweza kumwonyesha mtu aliyejificha.

Simu inapotoka mkononi

Kabla ya kumpa fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Kabla ya kuuza, hifadhi picha zako, toka kwenye akaunti zote, kisha rudisha simu katika hali ya kiwandani.

Leo, kabla halijatokea lolote, piga *#06#. Tarakimu 15 zitakazotokea ni utambulisho wa simu yako. Ziandike kwenye karatasi, uiweke nyumbani.

Ikiibwa, fanya haya kwa mpangilio

1. Azima simu, wasiliana na kampuni yako laini ifungwe. Kwa MTN, piga 100 ukitumia laini ya MTN.
2. Waambie ndugu wasitume pesa kwa ombi lolote kutoka namba hiyo.
3. Badilisha neno la siri la barua pepe na Facebook.
4. Toa taarifa RIB, kituo cha karibu au simu ya bure 166, ukiwa na zile tarakimu 15.
5. Rudisha namba yako, ufungue WhatsApp upya. Aliyekuwa akiitumia kwenye simu ile atatolewa.

Haki yako

Sheria ya Rwanda namba 058/2021 inalinda taarifa binafsi, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Yeyote anayechukua jina lako, picha au alama za vidole, unaweza kumuuliza: mnazitaka kwa kazi gani, na nani ataziona? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.